Unakuja Dar kuangalia mechi? Anza na namna utakavyorudi

Nyumbani kwetu Temeke hatukosi wageni wa mpira. Shemeji zangu wa Mwanza wanakuja kwa ajili ya dabi ya Simba na Yanga, binamu wa Mombasa anakuja Simba au Yanga ikicheza na timu ya Misri au Algeria, na siku hizi wanakuja hata marafiki wa marafiki. Nimewasindikiza hadi getini mara nyingi, na nimejua kwamba kinachomtesa mgeni si kuingia uwanjani, ni kutoka. Uwanja wa Benjamin Mkapa unabeba watu 60,000. Filimbi ya mwisho ikilia wote wanamwagika kwenye barabara zilezile, mara nyingi usiku, na mgeni amesimama kando ya Barabara ya Mandela, simu imezima, hajui kituo kiko upande gani. Kwa hiyo hatua zote hapa chini nimezipanga nikiifikiria ile saa moja baada ya mechi.

Hatua ya 1: Hakikisha mechi ipo, na iko uwanja gani

Usikate tiketi ya kurudi isiyobadilishika. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu dabi ya Kariakoo imewahi kuahirishwa siku yenyewe ya mchezo, na si mara moja. Mei 8, 2021 watu walikuwa wameshakaa vitini. Muda wa kuanza ulisogezwa mbele, mechi ikavunjika, ikaja kuchezwa Julai 3. Machi 8, 2025 ikaahirishwa tena siku hiyohiyo, ikachezwa Juni 25. Watu waliotoka Mbeya, Bukoba na Nairobi walirudi na mabegi yao. Ukiweza, acha siku moja ya ziada baada ya mechi, na tiketi ya basi uikate ukishaona timu zimeingia uwanjani.

Halafu uwanja. Wageni wengi wanadhani kila mechi ya Dar inachezwa Kwa Mkapa. Sivyo. Ule uwanja hufungwa kwa matengenezo, na timu zetu kubwa zimecheza mechi za nyumbani KMC Complex pale Mwenge, Azam Complex kule Chamazi, na Uwanja wa Uhuru, ule wa zamani ulio jirani kabisa na Mkapa, ambao sisi tunauita Shamba la Bibi. Mechi inaweza hata kuhama jiji: mwaka 2025 marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na RS Berkane, yalichezwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Kutoka Chamazi hadi Mwenge ni kukatiza jiji zima, kwa hiyo usilipie chumba kabla hujajua uwanja.

Na saa. Ratiba za CAF, shirikisho la soka Afrika, mara nyingi huandikwa kwa saa za GMT, nawe unatakiwa kuongeza tatu ili upate saa za hapa. Shemeji yangu mmoja aliona 16:00, akaelewa saa 10 jioni. Alikuwa getini saa 7 mchana kwa mechi ya saa 1 usiku. Soma tangazo la klabu yenyewe, lile lililoandikwa kwa Kiswahili, ndilo la kufuata.

Hatua ya 2: Chagua pa kulala kwa kufikiria utakavyotoka

Kwa mechi ya Mkapa au Uhuru, tafuta lodge Chang'ombe, Keko, Kurasini au Temeke yenyewe. Si maeneo ya kitalii, vyumba vingi ni vya kawaida tu, lakini unarudi kwa miguu ukiwa katikati ya watu, na hilo halina bei. Kariakoo nayo ni nzuri kwa sababu usafiri unaishia pale na usiku hapalali. Mechi ikiwa KMC Complex, lala Mwenge au Sinza. Ikiwa Chamazi, lala Mbagala, au ukubali mapema kwamba utafika chumbani usiku mwingi, maana ni nje kidogo ya Mbagala Rangi Tatu kwa barabara ya Mbande, na foleni ya kutoka huko ni ndefu. Masaki na Oysterbay ni pazuri na bahari ipo, ila kwa shabiki wa mpira ni mbali na ghali. Weka nafasi wiki mbili kabla kama ni dabi, na uwe na kitambulisho, mapokezi watakiomba.

Mnaotoka Zanzibar, boti ya kasi ya mwisho ya kurudi huondoka jioni. Mechi ya saa 1 usiku maana yake utalala Dar.

Mnaotoka Kenya na Uganda hamhitaji viza, lakini beba hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu iache kwenu, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, hata kwa wageni.

Hatua ya 3: Pesa na simu

Badilisha fedha zako. Tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za ndani kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ukitajiwa bei ya chumba kwa dola, omba utajiwe kwa shilingi. Kuwa na noti ndogondogo za 1,000 na 2,000 kwa ajili ya nauli na vyakula vya barabarani. Sajili laini ya hapa kwa hati yako ya kusafiria, uweke pesa kwenye M-Pesa, Airtel Money au mtandao wowote. Tiketi, nauli, hata sahani ya wali vinalipwa kwa simu.

Hatua ya 4: Tiketi

Kwenye viwanja vyetu vikubwa utasikia N-Card. Ni kadi ya plastiki: unainunua, unalipia kiingilio cha mechi kwa simu au kwa wakala, tiketi inaingia kwenye namba ya kadi yako, halafu getini unagusa mashine na mlango unazunguka. Kadi moja, mtu mmoja. Mkija wanne, kila mmoja na yake.

Majina ya viti yajue kabla ya kulipa. "Mzunguko" ndiyo sehemu kubwa na ya bei nafuu, kwa mechi nyingi kubwa huwa kama shilingi 5,000, na ndiko ngoma, nyimbo na kelele zote ziliko. Viti vya rangi ya machungwa vina bei ya juu kidogo. Kisha VIP C, VIP B na VIP A, bei ikipanda kadiri unavyokaribia katikati. Kila klabu hupanga viingilio vyake, kwa hiyo tangazo la mechi husika ndilo lenye neno la mwisho. Ukiniomba nikuchagulie kama unakuja mara ya kwanza, nitakuambia mzunguko. Ukija na watoto au mzazi, lipia VIP B au C, viti vina nafasi na kutoka kuna utulivu.

Mechi ya saa 10 jioni, epuka viti vinavyotazama magharibi. Jua la Dar la kuanzia Desemba hadi Machi likikupiga usoni kipindi kizima cha kwanza hutaona hata goli linavyoingia.

Walanguzi watakufuata karibu na geti: "Kaka, mzunguko umeisha, mimi ninazo mbili." Usinunue. Binamu yangu alinunua kadi kwa bei mara tatu, akaigusa kwenye mashine, ikamkatalia kwa sababu ilishatumika. Aliisikiliza mechi kwenye redio ya muuza maji, nje ya ukuta, huku akisikia watu ndani wakishangilia sekunde mbili kabla ya mtangazaji. Amesafiri kutoka Mombasa kwa hilo.

Hatua ya 5: Rangi na utani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mgeni anapoweza kufurahia zaidi au kuharibikiwa siku.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na zote mbili makao yao yako Kariakoo: Simba mtaa wa Msimbazi, Yanga pale Jangwani. Ni majirani wa kutembeleana kwa miguu. Ndiyo maana tunawaita watani wa jadi. Nyekundu na nyeupe ni Simba, kijani na njano ni Yanga. Ukitaka kutoegemea upande siku ya dabi, usidhani fulana nyeupe itakusaidia. Vaa bluu ya timu ya taifa, Taifa Stars, hakuna atakayekuuliza.

Mashabiki wa Yanga watawaita wenzao Makolo. Wa Simba watajibu Utopolo, au Vyura, kwa sababu Jangwani ni bondeni na mvua zikinyesha hujaa maji. Utasikia mtu akinyoosha vidole vitano: kama ni wa Yanga anakumbuka 5-1 ya Novemba 5, 2023, kama ni wa Simba anakumbuka 5-0 ya Mei 6, 2012. Mzee akiinua vidole sita, huyo ni wa Simba na anazungumzia mwaka 1977. Maneno haya yana mipaka yake. Anayetaniwa na anayetania mara nyingi wanaishi nyumba moja. Mume Yanga, mke Simba, watoto wamegawanyika. Wewe mgeni utani huo upokee kwa kucheka, ukijibu jibu kwa kucheka, na usimguse mtu mwili wala mama yake. Neno "Kolo" likitoka kwa mtu mliyekunywa naye kahawa ni utani. Likitoka kwako kwenda kwa usiyemjua, timu yake imefungwa dakika ya 90, ni ugomvi.

Kwenye dabi kila upande una sehemu yake ya kukaa. Unapofika, muulize askari au msimamizi wa mlango: "Samahani, Yanga wanakaa upande gani?" Usiingie na jezi ya timu moja kwenye jukwaa la nyingine, hata kama kiti kiko wazi. Mechi za kimataifa ni tofauti kidogo: ukivaa jezi ya timu ngeni utazomewa kwa furaha, halafu utagawiwa karanga.

Jezi nunua kwenye maduka yanayotambuliwa na klabu. Za machinga ni za bei rahisi, nyingi ni feki, na klabu haipati kitu.

Ukiweza kufika siku moja kabla, nenda Kariakoo asubuhi. Pita Msimbazi, pita Jangwani, halafu kaa kwenye kijiwe cha kahawa, agiza kikombe na kashata. Wakiwepo wazee, anza na shikamoo. Uliza swali moja tu, kwa mfano nani alikuwa beki bora wa miaka ya themanini, kisha nyamaza. Utasimuliwa mpaka kahawa ya tatu.

Hatua ya 6: Kwenda uwanjani

Mechi ya saa 11 jioni, uwe eneo la uwanja saa 8 mchana. Ikiwa ni dabi au fainali, saa 6 mchana. Kuwahi ni kwa ajili ya usalama kuliko kiti. Mei 28, 2023, siku Yanga ilipocheza na USM Alger mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho, msongamano wa kuingia ulisababisha kifo cha mtu mmoja na majeruhi kadhaa. Watu walikuja kushangilia tu. Ukiona geti limebanana na watu wanasukumana kutoka nyuma, ondoka pale, nenda geti jingine au simama pembeni hadi lipungue. Mtoto mdogo usimpitishe kabisa kwenye msukumano, na usimbebe mabegani ukidhani umemwokoa.

Ukitokea Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, huna haja ya kuingia mjini. Barabara ya Nyerere inakuleta Tazara, unakata kulia kuingia Mandela, unapita Vetenari, uwanja uko mbele. Ukishukia kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, panda mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake maalumu, hadi Gerezani, Kariakoo, kisha ufuate Barabara ya Kilwa. Njia ya mwendokasi ya Mbagala inapita hapo. Uliza kama mabasi yanatembea siku hiyo, kama hayapo chukua daladala ya Mbagala, mwambie konda akushushe Uhasibu, karibu na makutano ya Kilwa na Mandela, umalizie kwa miguu. Kwa treni ya SGR kutoka Morogoro au Dodoma, kata tiketi mapema kabisa, wikiendi za mpira hujaa.

Bodaboda na bajaji, patana bei kabla hujapanda: "Kaka, mpaka uwanjani shilingi ngapi?" Ukitumia programu kama Bolt, angalia namba ya gari ifanane na ile iliyo kwenye simu.

Kula kabla ya kuingia. Nje kuna mihogo ya kukaanga na pilipili, mishkaki, chipsi mayai, madafu, juisi ya miwa, na mama ntilie wenye wali maharage moto. Chagua sehemu yenye foleni ya wenyeji. Getini utapekuliwa: chupa, visu na fataki haviingii, na CAF huzitoza klabu faini kwa moshi na fataki. Begi kubwa liache chumbani. Beba kibegi cha kiunoni, ukivae mbele, simu isikae mfuko wa nyuma. Vibaka hawana timu.

Hatua ya 7: Ukishakaa

Geuka utazame ulikoingilia. Soma herufi au namba ya geti, iandike. Kubalianeni na wenzako sehemu ya kukutana ambayo iko nje ya uwanja na haihami: nguzo ya taa, kituo cha mafuta, lango la chuo cha DUCE pale Chang'ombe. Watu 60,000 wakipiga simu kwa wakati mmoja mtandao unalemewa, kwa hiyo msitegemee "nitakupigia nikitoka." Chaji ibaki walau nusu ikifika dakika ya 90.

Baada ya hapo imba. Nyimbo hazina karatasi, utazishika kwa mtu wa pembeni.

Hatua ya 8: Kutoka

Una njia mbili nzuri na moja mbaya. Ya kwanza ni kutoka dakika ya 85, ukikubali kwamba unaweza kulikosa goli. Kwa mwenye watoto au mwenye basi la usiku naiunga mkono. Tangu 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku, lakini Mbezi ni mbali, jipe saa mbili na nusu. Ya pili, ninayoifuata mwenyewe, ni kubaki vitini. Kaa dakika 30 hadi 40, tazama wachezaji wakiaga, acha wimbi lipite. Mbaya ni kutoka na filimbi, ukiwa katikati ya wimbi.

Ukitoka, usiite gari pale getini. Halitafika, na bei ya programu itakuwa imeruka. Tembea na umati dakika 15 au 20 hadi barabara kubwa: Kilwa kama unaelekea Kariakoo, Kurasini au Mbagala, Mandela kuelekea Tazara kama unaenda Buguruni, Ubungo au uwanja wa ndege. Tembea palipo na taa na watu, usikate vichochoro hata kama ramani ya simu inakuambia ni njia fupi. Daladala yoyote kabla hujapanda uliza, "Gari linaishia wapi?" maana usiku baadhi hukatisha ruti. Bodaboda akikataa kukupa kofia, mwache aende.

Kama timu yako imeshinda dabi, jezi ivalie koti ukipita katikati ya wenzako waliofungwa. Kesho yake utaivaa mjini kutwa nzima, na ndiyo siku yenyewe ya kuivaa.

Ikitokea shida

Namba ya dharura ni 112, zimamoto ni 114. Ukizidiwa ndani ya uwanja, mwambie aliye karibu amwite mtu wa Msalaba Mwekundu, huwa wapo kando ya majukwaa. Hospitali ya Rufaa ya Temeke haiko mbali, Muhimbili iko Upanga. Mtoto akipotea nenda kwa askari wa geti mliloingilia, na kabla ya mechi muandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu.

Kesho yake

Ile N-Card usiitupe. Iongezee salio, nenda Magogoni asubuhi, utaigusa tena kwenye kivuko cha Kigamboni. Upande wa pili kuna fukwe, na magazeti ya michezo hununuliwa kabla ya kuvuka, maana abiria mwenzako ataliomba, na mtalijadili hadi ng'ambo.